Jinsi ya kutengeneza jeli inayoishika himoglobini: MIP ya kwanza kwa asiyejua pa kuanzia

Kama umewahi kuona kuku kakatiza kwenye saruji mbichi basi MIP, yaani polima iliyochapwa umbo la molekuli, umeshaielewa nusu. Kuku kaenda zake, saruji imekauka, nyayo zimebaki, na nyayo zile hazimfai bata. Sasa badala ya kuku weka protini, badala ya saruji weka polima, ukishaitoa protini yenyewe inabaki nafasi yenye umbo lake na, kikubwa zaidi, yenye vishikio vilivyokaa pale pale protini inapopenda kushikwa. Ikirudi inaingia na kutulia, nyingine inapita tu. Hiyo ndo hadithi wanayokupa siku ya kwanza na ni tamu kweli, shida ni kwamba saruji ya maabara inamnasa kuku, bata, hadi paka wa jirani, na kazi yako yote ni kuonyesha kwamba umemnasa kuku kwa sababu ya nyayo na sio kwa sababu saruji inanata.

Nakuelekeza kwa himoglobini ya ng'ombe, ile protini nyekundu ya damu, na sababu yenyewe ni ya kivivu kabisa: ina rangi. Ukiiosha unaiona ikitoka, isipotoka unaiona imebaki, na kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaomezwa na maji yako, unaisoma kwenye nanomita 405 hivi bila kuongeza dawa yoyote. Ukianza na protini isiyo na rangi, albumini kwa mfano, utapapasa gizani wiki nzima hujui umeosha au umelowanisha tu.

Hivi vitu vinatafutwa kwa nini? Kingamwili, zile protini za kinga ya mwili ambazo maabara zinatumia kunasa kitu kimoja tu, ni nzuri lakini ghali, zinatoka kwa mnyama au kwenye seli, zinataka baridi kuanzia kiwandani mpaka kwako, umeme ukikatika Ijumaa jioni Jumatatu unakuta hela za watu zimeharibikia kwenye friji. Polima haina makeke hayo. Na wazo sio la leo, mwaka 1949 Frank Dickey kule Marekani aligandisha silika ikiwa na rangi ya methili orenji ndani yake, akaosha, akakuta silika ile inaipenda rangi ile kuliko rangi nyingine za ukoo ule ule. 1972 Günter Wulff wa Ujerumani akalileta wazo kwenye polima, na 1993 kundi la Klaus Mosbach pale Lund, Sweden, likaonyesha polima inayopima dawa za theofilini na diazepamu kama vile kingamwili inavyopima. Ila angalia, hizo zote ni molekuli ndogo. Theofilini uzito wake ni 180, himoglobini ni kama 64,500. Theofilini unaweza kuipika kwenye kiyeyushi cha kikaboni kwa nyuzi 60 na isijali, protini ukiifanyia hivyo unapata kilekile unachokipata ukivunja yai kwenye kikaango cha moto. Halafu hata ikipona, ukiigandishia kwenye polima ngumu haitoki, umeizika kwenye zege.

Ndo maana kwa protini tunatumia jeli laini ya akrilamaidi, kwenye maji, kwa joto la chumba. Stellan Hjertén wa Uppsala na wenzake walipita njia hiyo miaka ya 1990 katikati, na baadaye kundi la Subrayal Reddy pale Surrey, Uingereza, likaifanyia kazi sana kwa himoglobini hii hii. Vipimo ninavyokupa viko kwenye mstari huo huo. Na kama umewahi kumwaga jeli ya PAGE, ile ya kutenganisha protini kwa umeme, basi mikono yako tayari inajua robo tatu ya kazi.

Kwanza tahadhari na naomba usiiruke. Akrilamaidi kabla haijaganda ni sumu ya neva, inapita kwenye ngozi, na imo kwenye orodha ya vitu vinavyodhaniwa kuleta saratani. Unga wake ni mwepesi, ukifungua kopo feni ikiwa juu yako umeshauvuta. Kwa hiyo mi siku hizi sinunui unga kabisa, nanunua mchanganyiko wa maji uliotengenezwa tayari, akrilamaidi ya asilimia 40 na bisi-akrilamaidi ya asilimia 2, chupa mbili. Inaokoa mapafu na inaokoa mizani pia, mana kupima miligramu 6 za unga kwenye mizani ya maabara nyingi zetu ni kubahatisha.

Kipimo kwa kila mililita moja ya jeli ni akrilamaidi miligramu 54, bisi miligramu 6, himoglobini miligramu 12. Hiyo bisi ndo inayofunga nyuzi na nyuzi ili jeli isimame, ukiizidisha matundu yanakuwa madogo na protini haitoki, ukiipunguza jeli inakuwa uji na nyayo zinajifuta zenyewe. Mi natengeneza mililita 3, kwa hiyo kwa chupa zile mbili inakuwa maikrolita 405 za akrilamaidi, maikrolita 900 za bisi, maji maikrolita 495, halafu mililita 1.2 ya himoglobini niliyoiyeyusha kwa miligramu 30 kwa mililita. Jumla 3. Tyubu ya pili inapokea vitu hivyo hivyo kwa ujazo ule ule ila badala ya himoglobini unaweka maji mililita 1.2. Hiyo ya pili inaitwa NIP, ni saruji ambayo kuku hakupita. Usiitengeneze kesho, usiitengeneze "ikibaki nafasi", itengeneze dakika hiyo hiyo kutoka kwenye chupa zile zile, mana bila yenyewe namba zako zote huko mbele hazina maana.

Himoglobini ya unga kwenye chupa ndo rahisi zaidi. Kama bajeti imekaba, damu ya ng'ombe machinjioni inafaa kabisa: nenda na chupa yenye sitreti ya sodiamu isigande, zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, osha chembe nyekundu mara tatu kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kisha zipasue kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uzungushe tena kuondoa maganda. Unabaki na kitu chekundu safi. Ila damu mbichi ya mnyama sio juisi ya rozela, brusela inapita humo, homa ya Bonde la Ufa inapita humo, kimeta nacho, kwa hiyo glavu, miwani, na kama wilaya ina tangazo la ugonjwa wa mifugo kaa nyumbani nunua unga. Kingine, damu mbichi inasomwa kilele chake kwenye 415 hivi, ile ya unga ambayo nyingi imeshaungua na oksijeni inasoma 405. Usitumie mstari wa kipimo (ile grafu inayogeuza usomaji wa mashine kuwa kiasi cha protini) wa moja kusomea nyingine.

Sasa kugandisha. Adui hapa ni oksijeni, inaua mnyororo wa polima kabla haujaanza. Pitisha naitrojeni kwa dakika 5, lakini ipitishe kwenye mchanganyiko wa akrilamaidi na maji KABLA hujaweka protini, ukiipulizia protini inatoa povu kama omo na protini iliyogeuka povu imeshajikunjua, huna tena kuku, una manyoya. Himoglobini weka mwisho, geuza tyubu polepole mara nne tano, usitikise. Huna naitrojeni? Jaza tyubu mpaka karibu na mdomo ili hewa isipate nafasi, au tandaza juu yake tabaka jembamba la butanoli iliyoshibishwa maji, kama wanavyofanya watu wa PAGE. Jeli ya juu kabisa italegea kidogo, utaikata utupe.

Halafu viwashio vya mnyororo: APS ya asilimia 10, maikrolita 60, na TEMED ya asilimia 5, maikrolita 60, kwa kila tyubu. APS itengeneze siku hiyo hiyo. Unga wake ukiwa mzima ukiutia maji unasikia unatoa kamlio kadogo, trrr, ukinyamaza kimya ujue umeshakaa sana kwenye kabati lenye unyevu na jeli yako itakuchezea. TEMED inanuka samaki, utaizoea. Kwa joto la Dar bila AC jeli inasimama upesi, inua tyubu iinamishe, ikigoma kutiririka imekubali, lakini iache mpaka kesho yake. Usishangae rangi ya MIP ikitoka wekundu ikaelekea kahawia, APS inaichoma himoglobini kidogo, ni kawaida.

Kesho yake una vipande viwili, kimoja kahawia kimoja kama maji. Visukume kwenye bomba la sindano kwanza, kisha vipitishe kwenye chujio la maikromita 75 kwa mgongo wa kijiko. Osha na maji mara moja, acha vitulie, mwaga vumbi linaloelea juu. Lile vumbi usilionee huruma, baadae litaelea kwenye kyuveti, kile kichupa cha kusomea, litawanye mwanga na mashine itakwambia kuna protini wakati hamna. Njia ya kulinasa ni kusoma na 700 pia, himoglobini hapo karibu haipo, ukiona namba ya maana ni vumbi, zungusha tena.

Kuosha ndo kwenyewe. Dawa ni SDS, sabuni ya maabara, asilimia 10 ndani ya asidi ya siki asilimia 10. Pima jeli iliyolowa gramu 1, weka mililita 5 za dawa, zungusha taratibu nusu saa, sentrifuji, toa maji ya juu, yasome, andika. Rudia. Maji ya kwanza yanatoka kahawia kama chai ya rangi, ya pili kama chai iliyorudiwa majani, ya tatu ya nne unakuwa unajidanganya kwa macho ndo unahitaji mashine. Mstari wa kipimo wa hapa utengeneze ndani ya dawa yenyewe ya kuoshea sio ndani ya maji, mana SDS inaigeuza himoglobini na kilele kinahama. Jumlisha kilichotoka ulinganishe na kilichoingia, miligramu 12 kwa mililita. Haitoki yote, sijawahi kuona ikitoka yote, ila uwe unajua imebaki ngapi.

Hapa nikwambie nilivyoumbuka. MIP yangu ya kwanza niliiosha na SDS mara tano, NIP nikasema hii haina protini ndani, naiosha nini, nikaisuuza kwa maji tu nikaendelea. Siku ya kupima MIP imekunywa himoglobini karibu yote, NIP imeigusa tu, tofauti mara sita na ushee. Nikapiga picha za tyubu, nikatuma kwenye grupu, nikaanza na kuandika kichwa cha habari. Dada mmoja wa benchi la pili, mtu wa biokemia, akaja akaniuliza swali moja tu: "Kaka, na NIP uliiosha na SDS?" Nikanyamaza. Akachukua tyubu yangu ya MIP "safi", akaitia maji, akaifunika, akaitikisa, akaiweka mezani mbele yangu. Povu. Limekaa pale juu halishuki, kama glasi ya bia. Yaani jeli ilikuwa bado imejaa sabuni, na sabuni ile ndo iliyokuwa inaikamata himoglobini, wala sio nyayo. Nikarudia, safari hii NIP nikaiosha sawasawa na MIP, dawa ile ile, mara zile zile, na zote mbili nikazisuuza mpaka povu likaisha. Tofauti ikabaki mara mbili kasoro. Ndo ilikuwa tofauti ya kweli.

Kwa hiyo baada ya dawa ni maji, na maji, na maji. Mi nahesabu angalau mara nane, kila baada ya kusuuza natikisa natazama. Povu likivunjika ndani ya sekunde chache nasuuza mara mbili zaidi ya hapo. Usikimbilie kwenye bufa (maji yanayotuliza pH) yenye potasiamu, ile PBS ya kawaida ina kloridi ya potasiamu, ikikutana na SDS iliyobaki inaganda kuwa chembe nyeupe zinazojificha ndani ya jeli. Bufa ya fosfeti ya sodiamu tupu, milimola 10, pH 7, inatosha. Na usioshee kwenye chumba cha baridi, SDS chini ya nyuzi 20 inaanza kujifanya theluji.

Kupima sasa. Chukua jeli iliyolowa gramu 0.2 kwenye tyubu, MIP tatu NIP tatu, weka mililita 1 ya himoglobini ya miligramu 0.5 kwa mililita, zungusha taratibu saa 2, sentrifuji, soma maji ya juu. Usisome moja kwa moja, 0.5 ni nzito mno kwa 405, mashine ikipita 1.5 inaanza kukisia, punguza mara kumi kwanza. Kilichopotea majini ndo kilichoshikwa. Tuseme MIP imebakisha 0.14 na NIP imebakisha 0.32, basi MIP imeshika miligramu 0.36, NIP 0.18, gawa kwa gramu 0.2 unapata 1.8 na 0.9 kwa gramu, na uwiano wao ni 2. Huo uwiano ndo wanaouita kipimo cha chapa. Ikiwa 1 hujachapa kitu, ni saruji inanata. Ikiwa 15 usifurahi, nenda katikise tyubu.

Kuna mtego mwingine hapa ambao watu wengi hawauoni. Ile jeli gramu 0.2 karibu yote ni maji, kama mililita 0.19. Ukimwagia mililita 1 ya himoglobini, hata kama jeli haijashika molekuli hata moja, maji yale yanaizimua: 0.5 gawa kwa 1.19 ni 0.42. Umeshaona miligramu 0.08 "zimeshikwa" na hakuna aliyeshika. NIP nayo inazimua, lakini sio kwa kiasi kile kile, kwa hiyo uwiano unaharibika: kwenye zile namba zangu zidisha kilichobaki majini kwa 1.19 kabla ya kutoa, MIP inakuwa 0.5 kutoa 0.17 yaani 0.33, NIP 0.5 kutoa 0.38 yaani 0.12, uwiano unakuwa 2.8 hivi sio 2. Himoglobini ni kubwa inaweza isiingie kwenye maji yote yale, kwa hiyo ukweli uko katikati, cha muhimu useme umehesabu vipi. Na uzito wa jeli upime baada ya kuikausha maji ya nje kwa njia ile ile kila mara, tone moja likibaki MIP lisibaki NIP umeshapika matokeo bila kujua.

Weka pia tyubu moja ya MIP yenye bufa tupu bila himoglobini. Ile protini isiyotoka wakati wa kuosha ina tabia ya kuvuja baadae, na ikivuja kwenye kipimo inakupunguzia kile ulichoshika. Tyubu hii inakwambia imevuja ngapi.

Mpaka hapo umeonyesha MIP inashika kuliko NIP. Bado hujaonyesha inatambua, na hapa ndo wengi wanaishia njiani. Mpe na wageni. Albumini ya ng'ombe ni mzuri mana uzito wake ni 66,500, karibu sawa na himoglobini, ila chaji tofauti, yake inasawazika kwenye pH 4.7 hivi wakati ya himoglobini ni karibu na 7. Ukubwa sawa, tabia tofauti. Isome kwenye 280. Halafu lete mayoglobini, nayo ina rangi ile ile na ni ndugu wa damu wa himoglobini, ila ni 17,000 tu, inaingia tundu lolote. Lisozaimu ya yai iache kwa ajili ya jeli yenye chaji, hii ya akrilamaidi tupu haina. Kila mgeni mpime kwenye MIP na NIP zote mbili, usilinganishe mgeni kwenye MIP na himoglobini kwenye MIP ukaishia hapo, mana kila protini ina kunata kwake. Mayoglobini ikionekana inashikwa vizuri na MIP usikasirike, ndogo kwenye nyayo kubwa inaingia, ni mtoto kavaa viatu vya baba yake, mwache akae saa moja zaidi kisha suuza na bufa uone nani anatoka kwanza.

Na marudio ni ya jeli sio ya tyubu. Tyubu tatu kutoka kwenye jeli moja zinapima mkono wako wa pipeti tu. Tengeneza jeli tatu siku tatu.

Ukiona jeli ya akrilamaidi tupu haikupi tofauti ya maana, njia zipo. Wengine wanachapa kipande kifupi tu cha protini badala ya protini nzima, ni rahisi kuosha na hakijikunjui. Wengine, kama kundi la mtafiti Sergey Piletsky, wanaifunga protini kwenye shanga za kioo, wanatengeneza vipunje vya polima juu yake, vilivyoshika vibaya vinaoshwa kwa ubaridi halafu vile vinavyoshika kweli vinang'olewa kwa joto la nyuzi 60, kwa hiyo protini haiingii kwenye bidhaa kabisa na yale mambo ya SDS yanakwisha. Ni nzuri ila sio ya kuanzia, jifunze kwanza kuchafuka na hii.

Mabaki ya akrilamaidi ambayo hayakuganda usimwage kwenye sinki, yatie APS na TEMED yagande kwanza, kisha yaende kwenye taka za kemikali. Jeli zako ziweke kwenye bufa, friji ya kawaida, zisikauke, zikikauka matundu yanalala na hayainuki yote. Baada ya kuosha MIP na NIP zinafanana kama pacha, zote nyeupe, na wino wa kalamu hutoka kwa ile dawa ya siki, andika kwa penseli kwenye tepu ubavuni mwa tyubu.

Ukimaliza mzunguko wa kwanza osha tena jeli ile ile, zote mbili, suuza, tikisa, halafu pima upya. MIP ikirudi na namba zake za mwanzo endelea. Ikishuka mpaka ikalingana na NIP, rudi kwenye lile povu.